Kigong'ota, Fundi wa Nyumba za Msituni

Katika misitu ya miombo iliyouzunguka mji wa Songea yuko fundi asiye na msumeno wala patasi, naye hamdai mtu kodi ya nyumba azijengazo. Huchonga nyumba kwa taabu siku nyingi, hulea watoto wake humo, kisha huiacha kwa yeyote aitakaye. Fundi huyo ni ndege. Waswahili humwita kigong'ota, na wengine humwita gongonola. Jina lake halihitaji maelezo kwa mtu aliyepata kupita msituni asubuhi na kusikia mlio wa nyundo juu ya gogo kavu, akatazama huku na huku asimwone seremala.

Katika makala hii twapenda kuwaeleza wasomaji wetu, wazee kwa vijana, khabari za kigong'ota mkubwa wa nchi yetu: sura yake, chakula chake na maisha yake. Tena twapenda kuonyesha jambo moja lisilojulikana na wengi, nalo ni kwamba mti uliokauka, tunaoudhania kuwa haufai illa kwa kuni, kwa viumbe wa msituni ni mtaa mzima wa nyumba. Jambo hilo lagusa kila jiko lililoko Songea, kama tutakavyoona.

JAMII NA SURA YAKE

Jamii ya vigong'ota ni kubwa. Duniani ziko aina zaidi ya 230, nao wameenea katika mabara mengi. Lakini hawapatikani Australia, wala New Guinea, wala Bukini. Huko Bukini kazi ya kutoa mabuu ndani ya miti hufanywa na mnyama wa usiku, jamaa ya komba, ambaye hugonga gogo kwa kidole chembamba kirefu, husikiliza, hutafuna ubao kwa meno, kisha humchokoa buu kwa kidole kile kile.

Mkoa wa Ruvuma una vigong'ota wa aina kadhaa. Mmoja wao ni wa nchi hizi khasa, maana duniani kote haonekani illa kusini ya Tanzania, kaskazini ya Msumbiji, na Malawi. Huyo alielezwa kwa mara ya kwanza katika vitabu vya elimu mwaka 1901 na Anton Reichenow, mtaalamu wa ndege wa Berlin, akaitwa kwa jina la Mjerumani mwenzake, Stierling. Ni ndege mdogo, na hukaa katika miombo tu.

Lakini mkubwa wao, ambaye ndiye tunayemtaka leo, ni kigong'ota mwenye ndevu. Urefu wake ni kama sentimita 24 au 25, na uzito wake ni baina ya gramu 60 na 90. Ameenea tangu Ethiopia na Jamhuri ya Afrika ya Kati mpaka Afrika Kusini, popote penye misitu ya wazi yenye miti mikubwa, khasa iliyokauka. Mgongo wake ni wa rangi ya majani makavu yenye kijani kidogo, nao una michirizi myeupe. Kifua na tumbo vina mistari myembamba ya kijivu na nyeupe. Uso wake ni mweupe, lakini una baka jeusi nyuma ya jicho, na baka jingine jeusi lishukalo toka mdomoni mpaka shingoni. Hilo la pili ndilo lililompatia jina la ndevu.

Dume na jike hutambulikana kwa utosi. Wote wawili wana paji jeusi lenye vitone vyeupe. Lakini dume ana rangi nyekundu nyuma ya utosi, na jike hapo ni mweusi mtupu. Kijana mwenye macho mazuri aweza kuwapambanua hata bila darubini, maana ndege huyu hukaa mahali pamoja kwa muda mrefu akichimba.

NYUNDO NA ULIMI

Mwenyezi Mungu amempa kigong'ota kila kilicho lazima kwa kazi yake. Vidole vyake viwili huelekea mbele na viwili nyuma, navyo vina kucha kali za kushikia magome. Manyoya ya mkia wake ni magumu kama fito, naye huyaegemeza juu ya mti yakawa kwake kama mguu wa tatu wa kigoda. Matundu ya pua yamefunikwa kwa manyoya membamba ili unga wa miti usiingie. Na kila apigapo, utando hufunika jicho lake kwa nukta moja, kisha hufunuka.

Ulimi wake ndio wa ajabu zaidi. Mifupa myembamba iushikao haiishii kooni kama ilivyo kwetu, bali huzunguka nyuma ya kichwa, ikapanda juu ya utosi mpaka karibu na paji. Kwa hiyo aweza kuutoa ulimi mbali sana nje ya mdomo, ukaingia ndani ya njia za wadudu. Ncha yake ni ngumu, ina vijiba kama vya ndoana, nayo imepakwa mate ya kunata. Buu aliyejificha ndani ya gogo akadhani amesalimika, hutolewa kama samaki.

Watu wengi wameuliza: mbona kichwa hakimwumi? Katika mwaka 1979 wataalamu wa Marekani walimpiga picha za kasi kigong'ota mmoja wa huko, wakaona kwamba mdomo wake huenda karibu mita 6 au 7 kwa nukta moja ya saa unapougonga mti. Mtu akigonga kichwa ukutani kwa mwendo huo atalazwa hospitali. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba fuvu la kigong'ota lina mifupa laini mfano wa godoro, na kwamba hiyo ndiyo ipokeayo kishindo. Lakini mwaka 2022 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Antwerp, Ubelgiji, walipima kwa picha za kasi zaidi, wakagundua kwamba kichwa hicho hakina godoro lolote, bali ni kigumu kama kichwa cha nyundo. Na hivyo ndivyo ipasavyo, maana nyundo iliyofungwa sufi haipigilii msumari. Kinachomwokoa ndege ni udogo wa ubongo wake. Kama vile panya aangukapo toka darini hukimbia zake, na ng'ombe aangukapo toka kimo hicho hicho huvunjika, ndivyo ubongo mdogo ustahimilivyo kishindo kisichostahimiliwa na ubongo mkubwa.

NGOMA YA ASUBUHI

Msomaji asidhani kwamba kila kigong'ota apigapo mti anatafuta chakula. Yako mapigo ya kula, nayo ni ya taratibu, hayana mpango. Yako mapigo ya kuchonga nyumba, nayo huendelea saa nyingi. Tena yako mapigo ya ngoma. Kigong'ota mwenye ndevu huchagua tawi kavu lenye mvumo mzuri, akalipiga kwa haraka, kisha mapigo ya mwisho yakaachana na kusikika moja moja. Hii ndiyo tarumbeta yake. Dume na jike wote hupiga, na maana yake ni kuwatangazia jirani kwamba eneo hili lina wenyewe, au kuitana mume na mke. Ndege wengine huimba kwa koo. Huyu huimba kwa mti. Mti mbichi hauna sauti hiyo, kwa kuwa maji yaliyomo huizima. Kwa hiyo panapokosekana matawi makavu, hata ngoma yake hunyamaza.

CHAKULA CHAKE

Chakula chake kikubwa ni mabuu ya mende watobowao miti, pamoja na viwavi, chungu na buibui. Na mara nyingine humkamata hata mjusi mdogo. Hutafuta juu ya vigogo na matawi mazito, akibandua magome na kuchimba. Mahali apendapo zaidi ni mti uliokufa au tawi lililokufa juu ya mti mzima, maana humo ndimo wadudu wafanyamo makao. Mti ulio hai hujilinda kwa utomvu. Mti uliokufa hauna mlinzi. Kwanza huingia kuvu, wakalainisha ubao, kisha wadudu, kisha kigong'ota afuataye wadudu. Kila mmoja humfungulia mlango mwenziwe.

NYUMBA NA WAPANGAJI WAKE

Wakati wa kuzaa ukifika, aghlabu katika miezi ya kiangazi, dume na jike hushirikiana kuchonga tundu katika shina au tawi lililokauka. Tundu huingia kwanza kwa upande, kisha hushuka chini kama mfuko. Hawatii majani wala manyoya ndani yake. Vumbi la mti walilolichimba lawatosha kuwa tandiko. Jike hutaga mayai meupe, mara nyingi mawili au matatu. Wazazi wote wawili huyalalia kwa zamu karibu majuma mawili, na makinda hukaa tunduni karibu majuma manne kabla ya kuruka. Kisha familia huondoka, na nyumba hubaki.

Hapo ndipo manufaa makubwa ya kigong'ota yaanzapo. Katika misitu yetu wako viumbe wengi wasioweza kulala wala kuzaa illa ndani ya tundu la mti, nao hawana chombo cha kuchongea. Wako kwenzi wenye manyoya ya kung'aa, bundi wadogo, kasuku wa miombo, komba alalaye mchana, na wengineo. Yuko pia hudihudi, ambaye kila nyumba ya Kiislamu yalijua jina lake kwa khabari za Nabii Sulaiman. Ndege huyo mwenye kishungi mdomo wake ni mrefu na mwembamba, wafaa kuchokoa udongo tu. Hauwezi kutoboa mti. Kwa hiyo hutafuta tundu lililo tayari. Baadhi ya matundu hufanyika yenyewe, tawi linapovunjika na shina likaoza. Na mengine ndiyo yale yaliyoachwa na vigong'ota. Wahenga walisema, ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Nasi twasema, ukimwona bundi mdogo akichungulia tunduni, ujue huenda nyumba ile iliundwa na mwingine.

Lakini si kila mgeni huja kwa heri. Yuko mlembe, yule ndege awaongozaye watu kwenye nyuki, naye kwa nasaba ni jamaa ya vigong'ota. Mlembe hajengi wala halei. Hutaga yai lake katika tundu la ndege mwingine, kama vile kigong'ota au zuwakulu, na kinda lake huzaliwa na ndoana kali mdomoni, akawaua makinda wa mwenye nyumba ili chakula chote kiwe chake. Hata hivyo mkubwa wa jamii hiyo ni rafiki wa warina asali. Ng'ambo ya mto Ruvuma, katika hifadhi ya Niassa ya Msumbiji, Wayao humwita kwa mlio maalumu waliorithi kwa baba zao. Katika mwaka 2016 ilitangazwa kwamba wataalamu waliupima mlio huo, wakaona kwamba mtu autumiaye hupata kuongozwa na ndege na kuonyeshwa mzinga mara 54 katika 100, na atumiaye sauti nyinginezo hupata mara 16 tu. Basi tazama jinsi mambo yalivyofungamana: asali iliyomo mezani petu inaye mlembe nyuma yake, na mlembe anaye mchonga matundu nyuma yake.

YALIYOWAPATA WAKUBWA WAO

Kigong'ota wetu mwenye ndevu hayumo hatarini leo, maana nchi zake ni nyingi. Lakini yafaa kutazama yaliyowapata jamaa zake wakubwa zaidi katika nchi nyingine, ili tupate mazingatio.

Mkubwa kuliko wote waliopata kujulikana alikuwa kigong'ota wa kifalme wa Mexico, mwenye urefu wa sentimita 56 hata 60. Aliishi katika misitu ya misonobari ya milimani, akihitaji miti mikubwa iliyokufa ikiwa imesimama. Miti hiyo ilikatwa, na ndege wenyewe wakapigwa bunduki. Katika mwaka 1956 daktari mmoja wa meno wa Marekani, William Rhein, alimpiga picha za sinema jike mmoja, naye akiwa juu ya mgongo wa nyumbu. Tangu siku zile hakuna aliyethibitisha kumwona tena. Yale mapicha yenye kutikisika ndiyo yaliyobaki ya ndege mzima.

Wa pili ni kigong'ota mwenye mdomo wa rangi ya pembe, aliyekaa katika misitu ya mabondeni kusini ya Marekani. Mara ya mwisho kuonekana pasipo ubishi ilikuwa mwaka 1944 huko Louisiana, katika msitu uliokuwa ukikatwa kwa mbao. Mwaka 2021 serikali ya Marekani ilipendekeza atangazwe kuwa ametoweka. Lakini mwaka 2023, ilipotangaza kutoweka kwa aina 21 za viumbe, haikumtia yeye katika hesabu, kwa kuwa wako watu wanaoshikilia kwamba angaliko. Na wa tatu, aliye mkubwa kupita wote waliobaki, ni kigong'ota wa kijivu wa Asia, mwenye urefu wa sentimita 50 hivi, aishiye toka vitako vya milima ya Himalaya mpaka Borneo. Yeye bado yuko, lakini tangu mwaka 2010 amehesabiwa miongoni mwa walio hatarini, kwa sababu misitu ya kale aitegemeayo yapungua.

Sababu katika khabari hizi zote ni moja. Kigong'ota mkubwa hataki mti wowote tu. Ataka mti mzee. Na mti mzee haununuliwi sokoni wala haupandwi leo ukavunwa kesho.

HALI YA MISITU YETU

Turudi Songea. Mto Ruvuma una chimbuko lake katika milima ya Matogoro, mashariki ya mji, na misitu ndiyo iyatunzayo maji yake. Lakini watu wahitaji kula. Ruvuma ni mkoa wa mahindi, na shamba jipya la mahindi hufunguliwa kwa shoka. Tumbaku ya kukaushwa kwa moshi imelimwa Songea tangu miaka ya 1930, nayo hukaushwa kwa kuchoma kuni ndani ya banda lenyewe. Mji nao umekua, na mkaa wake hutoka msituni. Juu ya hayo, kila kiangazi moto hupita nyikani, na gogo kavu lililosimama hushika upesi kuliko mti mbichi.

Wala hatusemi haya kwa kuwalaumu watu. Mama atokaye alfajiri kutafuta kuni hana anasa ya kuchagua, na tena tangu utoto amefundishwa jambo jema: asikate mti mbichi, bali achukue mkavu. Mafundisho hayo ni mazuri, nasi hatuyapingi. Lakini tukiyafuata bila kufikiri, tutausafisha msitu wa kila shina lililokufa, tukajisifu kwamba hatukukata mti hata mmoja, na huku tumevunja nyumba zote za mtaa. Kadhalika wito wa kata mti, panda mti ni wa haki. Ila mche uliopandwa leo hautamfaa kigong'ota wa leo wala wa kesho. Shamba la mikaratusi lililonyooka na kusafishwa huenda likatoa nguzo nyingi, lakini halina tawi moja la kupigia ngoma.

TUFANYEJE

Yako mambo yanayowezekana bila gharama kubwa. La kwanza, tuokotapo kuni tuchukue matawi yaliyoanguka chini, na mashina makavu yaliyo membamba. Shina nene lililosimama, khasa lenye tundu, liachwe. Kwa mti mmoja uliosazwa, jiko halitalala njaa.

La pili, mkulima afunguapo shamba na asaze miti michache mikubwa mipakani na kando ya vijito, ukiwamo wa kale wenye matawi makavu, madhali haukaribii nyumba wala njia ya watu.

La tatu, Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 imeviruhusu vijiji kutenga misitu yao wenyewe na kuisimamia. Kijiji kiandikapo taratibu za msitu wake, na kitie neno moja juu ya magogo makavu yaliyosimama, na neno jingine juu ya kuchoma moto mapema, majani yakiwa bado na umajimaji, badala ya kungoja moto mkali wa mwisho wa kiangazi.

La nne ni la jikoni. Jiko lililojengwa vizuri lapunguza kuni. Serikali nayo ilizindua mwaka 2024 mkakati wa kuwafikisha watu 80 katika kila 100 kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Nyumba yenye uwezo wa kuacha mkaa isingoje jirani.

Na vijana wetu tuna neno nao khasa. Wekeni manati chini. Badala yake, chagueni gogo moja kavu karibu na kijiji chenu, mlitazame kwa mwaka mzima. Andikeni katika daftari: ni nani aliyechonga, dume au jike, ni mwezi gani makinda yalisikika, na baada ya kuondoka wao, ni nani aliyehamia. Kazi hiyo haihitaji fedha, nayo yaweza kuwafundisha mengi yasiyomo vitabuni, kwa sababu ndege wa Ruvuma wameandikwa kidogo sana.

Tumezoea kumsifu ajengaye nyumba akaishi humo. Kigong'ota hujenga, hukaa kidogo, kisha huwaachia wengine asiowajua. Yeye hawezi kuuzuia mkono wa mtu mwenye shoka. Uamuzi huo ni wa baba, mama na watoto wa nyumba moja moja, asubuhi waendapo kuni, na sehemu yake kubwa ni kujua lipi la kubeba na lipi la kuacha limesimama.